Malaika Wanne Kitandani

Sipendi nyimbo za kulaza watoto zinazojifanya usiku hauna la kutisha. Mtoto analijua giza. Ndiyo maana desturi ya Wayahudi ya kumlaza mtoto inanivutia: hofu haikanushwi, inawekewa walinzi.

Mtoto akishapanda kitandani, mzazi husema naye Shema, ile aya ya Kumbukumbu la Torati 6:4: "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja." Hufunika macho kwa kiganja cha kulia, wakaitamka pamoja. Agizo lenyewe liko mistari michache mbele, kwamba maneno haya yanenwe "ulalapo na uondokapo". Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, inamtaka baba amfundishe mwanawe aya hiyo pindi tu anapojua kusema. Yaani mtoto ambaye bado anakatakata maneno anakabidhiwa sala ile ile anayoisali babu yake sinagogi, na ambayo Myahudi mcha Mungu hutamani iwe ya mwisho kinywani mwake siku ya kufa. Hakuna ya watoto na ya wakubwa.

Kisha wanakuja malaika. Ni sala fupi, na familia nyingi huiimba: Mikaeli kuumeni, Gabrieli kushoto, Urieli mbele, Rafaeli nyuma, na juu ya kichwa uwepo wa Mungu mwenyewe. Kitanda kimezingirwa. Wengine huongeza baraka ya Yakobo kwa Efraimu na Manase, katika Mwanzo 48:16.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa pia na bembelezi zao za Kiyidi, lugha yao ya nyumbani. Katika ile mashuhuri ya mtunzi wa tamthilia Abraham Goldfaden, mjane anamwimbia mwanawe wa pekee kwamba chini ya kitanda chake yuko mwanambuzi mweupe aliyekwenda kuchuuza zabibu na lozi, na kwamba biashara hiyo ndiyo itakayokuwa kazi yake akikua. Mtoto hajaota hata meno, mama ameshamfungulia duka! Nacheka, lakini mama mwenye dhiki aote nini kingine?

Wapo watakaosema mtoto haelewi anachokariri. Haelewi, sawa. Watu wazima wangapi wangeweza kukueleza Urieli ni nani? Anachojua mtoto ni kwamba maneno haya jana yalisemwa, leo yamesemwa, na kesho yatasemwa hata kama mchana kutwa yeye na mama yake wamezozana. Na mzazi aliyerudi kazini hoi anayaweza pia, maana hatakiwi kubuni hadithi yoyote.