Mjamzito na sindano ya chembe za nano

Kichupa cha cabotegravir hutikiswa kwa nguvu kabla ya dawa kuvutwa kwenye bomba la sindano. Ndani mna maji meupe mazito: dawa iliyosagwa ikawa chembe za kipimo cha nano, ndogo mno zisizoonekana kwa macho (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zinazoelea bila kuyeyuka. Zikishachomwa kwenye msuli wa tako hukaa pale kama akiba na kuyeyuka polepole, hata mtu akakingwa dhidi ya VVU kwa miezi miwili bila kumeza kidonge.

Neno "nano" ndilo linalotisha, hasa mimba inapotajwa. Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chembe za silika, madini ya mchanga, za nanomita 70 zilipenya kondo la nyuma la panya, na vijusi vikadumaa. Wapo pia wanaokumbuka nonoxynol-9, jeli ya ukeni iliyotarajiwa kuwakinga wanawake dhidi ya VVU, ambayo mwaka 2000 ilibainika kuwaongezea hatari ya kuambukizwa kwa sababu ilichubua uke. Anayekumbuka hayo hawezi kulaumiwa kwa kuuliza.

Ila utafiti ule wa panya una nusu ya pili, nayo husimuliwa mara chache. Chembe za silika za nanomita 300 hazikuleta madhara yale, na zile za 70 zilipopakwa kemikali nyingine juu yake, madhara hayakuonekana tena. Kwa hiyo "nano" si sumu ya aina moja. Tena silika haiyeyuki kirahisi, ilhali cabotegravir imetengenezwa iyeyuke. Kwa sindano hii swali kubwa ni dawa yenyewe ikishaingia kwenye damu ya mama.

Katika jaribio la HPTN 084, lililohusisha wanawake zaidi ya 3,200 wa nchi saba za Afrika, sindano hii ilipunguza maambukizi kwa karibu asilimia 90 kuliko vidonge vya kinga vya kila siku. Mwanzoni washiriki walitakiwa kutumia uzazi wa mpango, na aliyeshika mimba alisimamishiwa sindano. Lakini dawa hii huweza kubaki mwilini mwaka mzima au zaidi! Mtoto aliipata vilevile tumboni, huku kinga ya mama ikififia siku hadi siku. Na huo ndio wakati mbaya kuliko wote: hatari ya kuambukizwa kwa kila tendo la ndoa hupanda karibu mara tatu mwishoni mwa ujauzito, na mara nne baada ya kujifungua. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, mjamzito akaruhusiwa kuchagua kuendelea.

Dolutegravir, dawa ya kutibu VVU iliyo ndugu wa cabotegravir, ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2018 utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ulikuta kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao waliimeza tangu kabla ya mimba. Watoto wanne tu, na nchi kadhaa zikawawekea vikwazo wanawake wote wa umri wa kuzaa. Hesabu ilipoendelea hadi kupita watoto 9,000, kiwango kilishuka kikawa sawa na cha dawa nyingine. Sina ugomvi na waliopiga kengele, walipaswa kuipiga. Kilichoniuma ni wanawake walionyimwa dawa bora bila kuulizwa wanataka nini.

Jibu lilitoka kwa wakunga wa Tsepamo waliomkagua kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwao, wakaandika walichokiona, wodi kwa wodi, mwaka baada ya mwaka. Sindano za nano zinahitaji daftari kama hilo, na lifunguliwe sasa, wajawazito wakiwemo ndani yake.