Eti juisi ya kusafisha ini

Shangazi katupia kwenye grupu la familia tangazo la juisi ya "kusafisha ini", chupa ya kijani elfu 20, halafu chini kaandika mpeni mdogo wenu anayemeza dozi ya TB imtoe sumu. Watu wakamiminia makofi. Amina, amina. Mimi nikawaka.

Jamani. Dozi ya TB ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo unameza rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na hizo tatu za mwanzo zote zinaweza kugonga ini. Kliniki wanalijua hilo vizuri tu, ila wagonjwa wengi niliowasikia wanakumbuka kuambiwa kitu kimoja, mkojo utabadilika rangi usiogope. Ni kweli, rifampisini inaufanya uwe wa chungwa na haina neno. Sasa mtu keshaambiwa usiogope mkojo, siku ukiwa umekolea kama chai ya rangi, macho yamepiga njano, hata harufu ya chakula inamtia kichefuchefu, ataogopa saa ngapi?

Na hapo ndipo ndugu tunapojazana na ushauri wetu, huyu anasema vumilia ndo ukali wa dawa, yule anasema achana nazo unywe mizizi. Wote mnampeleka kubaya. Anatakiwa arudi kliniki siku hiyohiyo, wasimamishe dawa wao, wapime damu kuona vimeng'enya vya ini, vile vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, vimepanda kiasi gani, vikishuka wanamrudishia dawa mojamoja huku wanapima, mara nyingi wanaanza na rifampisini, na pirazinamidi wanaweza kuiacha kabisa wakarefusha dozi. Wengi wanapona na dozi wanamaliza. Akiacha kimyakimya nyumbani TB inarudi, na inaweza kurudi sugu. Akichanganya na michupa isiyoandikwa hata kilichomo, daktari atajuaje kilichomgonga ni kipi?

Haya, miti ni dawa, sibishi, hata mseto wa malaria asili yake ni mmea. Lakini ule ulipimwa, una kipimo cha asubuhi na jioni, sio kikombe kimoja cha uji kwa mkubwa na mdogo.

Na kipimo chenyewe cha ini zahanati nyingine hakuna, unaandikiwa uende hospitali kubwa na nauli juu yako. Hilo nalo serikali ilitazame.

Paracetamol nayo mnaidharau. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa kibao za mafua zina hiyohiyo ndani. Aliyezidisha anaweza kukaa siku nzima anajiona mzima kabisa huku ini linaharibika, na dawa ya kumwokoa inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8. Kwahiyo msisubiri atapike, mkimbizeni, na mbebe pakiti zote alizomeza, hata za mafua, hata za kienyeji, mkamwonyeshe daktari bila kuona aibu.