Mteja Atarudi

Julai 2021 haukuwa mwezi wa kuuza viatu Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 soko kuu liliungua. Frem yetu ya Mtaa wa Kongo moto haukuigusa, lakini wateja wa mikoani walisikia "Kariakoo imeungua" wakabaki makwao. Siku tano mbele zikaanza tozo za miamala, watu wakawa wanaona uchungu hata kutumiana hela ya kula. Nikawa nashinda kwenye kiti cha plastiki, nafuta vumbi kiatu kilekile tangu asubuhi. Ndipo dada yangu akaniletea tangazo: kampuni moja ya simu inatafuta watu wa huduma kwa wateja.

"Wewe si unahudumia wateja kila siku?" akasema. "Andika barua."

Barua haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ile miaka miwili niliyokuwa winga kabla ya kupewa frem. Kwa asiyeijua Kariakoo, winga hana duka. Anakudaka barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka la mtu kama vile ni lake, halafu anaweka cha juu chake. Dada akafikiri kidogo, akaandika kwenye wasifu wangu: "Ofisa Mahusiano ya Wateja wa Nje." Hakudanganya. Wote nilikuwa nawadaka nje.

Nikaitwa kwenye usaili. Dada akaninoa usiku kucha: msikilize mteja mpaka mwisho, mpe pole, hakiki taarifa zake, tatua. "Na hata akutukane vipi, humkatii simu. Umenisikia?" Nikamsikia.

Viatu vya kuvaa nikaazima dukani, bila tajiri kujua. Jozi nyeusi ya ngozi, namba 42, mpango ukiwa irudi kwenye boksi kabla hajafungua hesabu za jioni. Kwa hiyo soli zilitakiwa zibaki safi. Kutoka nyumbani mpaka kituo cha Kimara nilitembea kwa visigino kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ndani ya mwendokasi watu walijaa hivi kwamba ni mguu mmoja tu uliopata pa kukanyaga, mara ya kwanza maishani nikashukuru kusimama hivyo.

Jopo lilikuwa la watu watatu, wote na barakoa. Kijana wa kompyuta, dada mmoja wa rasilimali watu, na katikati yao mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, anasoma wasifu. Alipofika kwenye "Wateja wa Nje" akavaa miwani.

"Tueleze siku uliyomhudumia mteja mwenye hasira."

Hapa nilijiona nimefika. Nikawapa kisa cha mteja wa Morogoro. Sisi dukani tunatoa nje mguu mmoja tu wa kila kiatu, kwa sababu ukitoa miwili jioni huikuti. Siku hiyo nikafunga haraka haraka, yule bwana akafika kwake akafungua boksi, miguu yote ya kushoto, mmoja 41 mwingine 42. Akarudi nayo wiki iliyofuata, povu linamtoka.

"Ukafanyaje?"

"Kwanza sikumkumbuka."

"Ulimsahau?"

"Hapana mama, nilimkumbuka vizuri. Ila mtu akirudisha mzigo, cha kwanza ni kutomkumbuka, ili apoe."

Kijana wa kompyuta akaacha kuandika. Mama akaniuliza tukio lile lilinifundisha nini. Nikasema tangu siku ile kila risiti naandika "mali ikishauzwa hairudishwi" kwa herufi kubwa.

Pengine wangenisindikiza mlangoni hapo hapo, nami ningekuwa na kisa kifupi. Lakini ratiba yao ilikuwa na sehemu ya vitendo. Dada wa rasilimali watu akanipa simu ya mezani ambayo waya wake haukuchomekwa popote, akaniambia nigeuze kiti niangalie ukuta, kwa kuwa kazini mteja sitamwona. Nikageuka, nikakunja miguu chini ya kiti kwa adabu. Mbele yangu ukuta mweupe na mjusi mmoja. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.

Mgongoni nikasikia yule mama anasema, "Kriii, kriii."

Nikapokea. "Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Jamani, sauti ilibadilika. Yule mama mpole akageuka mteja kamili. "Nimemtumia mwanangu elfu hamsini ya ada, imeenda kwa mtu! Namba moja tu nimekosea! Nataka hela yangu!"

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikampa pole. Nikaomba namba aliyotumia, iliyopokea, muda wa muamala. Nikamwambia tutaizuia hela kwanza kama huyo mtu hajaitoa. Nilijisikia kabisa kwamba nyuma yangu watu wanaandika maksi.

"Sitaki kusubiri! Nirudishie sasa hivi, hamsini yote, na makato, na hiyo tozo yenu!"

Kwenye tozo dada hakunifikisha. Nikakaa kimya kidogo, mjusi ananiangalia. Na mdomo, ambao kwa miaka minne kazi yake ilikuwa moja tu, ukajibu wenyewe:

"Mama, tufanye arobaini."

"Arobaini ya nini?"

"Basi arobaini na mbili, tusiumizane. Na mimi nina tajiri juu yangu."

Kijana wa kompyuta alikohoa ndani ya barakoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida.

"Mimi nahama!" mama akafoka. "Nahamia mtandao mwingine leo leo!"

Sasa hapa lazima nieleze. Mtaa wa Kongo mteja akisema anaondoka, humkimbilii. Ukimkimbilia umeonyesha njaa, bei imekufa. Unamwachia aende, unajifanya unapanga mali, unahesabu hatua zake. Wengi wanageuka kabla ya kumi.

"Zunguka mama, zunguka kote," nikamwambia. "Utarudi hapa hapa."

Nikaweka simu chini. Sikumkatia, aliondoka mwenyewe. Nikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Ndoo inapokea tone. Tatu. Kiti kimoja kikalia. Nikafika kumi, nikafika ishirini, mjusi akachoka akapanda darini. Nyuma yangu hakuna anayepumua. Nilikuwa nahesabu thelathini na kitu kijana aliposema taratibu, "Kaka, unaweza kugeuka."

"Bado hajarudi," nikamjibu.

Wakanishukuru, wakasema watanipigia. Ile simu mpaka leo inakuja. Viatu nilivirudisha kwenye boksi saa tisa, nikavipangusa, tajiri hakujua lolote.

Jumamosi ya pili yake nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, kivuli kikasimama mbele. Barakoa, miwani kwa kamba. Nikainuka nusu, nikatoa shikamoo. Akaitikia kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilitaka kumwambia mbinu hiyo ni ya kwetu.

"Nataka vile vyeusi, 42. Vya mume wangu."

"Arobaini na tano elfu, mama."

"Ishirini na nane."

Nikashtuka. Ishirini na nane ndiyo bei yetu ya mwisho kabisa, wala hakuna winga anayeijua. Nikavichukua, nikavipindua. Kumbe tajiri, kwa vile haamini kumbukumbu yangu, huandika chini ya soli kwa maka: 45, na pembeni yake 28. Na mimi siku ile nimewakunjia soli zote mbili usoni mwao dakika nzima, zikiwa safi, zinasomeka.

"Mama, ishirini na nane haifiki hata mtaji. Tufanye arobaini."

Akatikisa kichwa, akashika mkoba, akaanza kuondoka kuelekea Msimbazi. Nami nikajifanya napanga mali. Moja, mbili, tatu. Mama hageuki. Saba, nane. Anakaribia kona. Siku hiyo tangu asubuhi nilikuwa sijauza hata kandambili.

"Mama! Mama, njoo tuongee!"

Hakusimama wala hakugeuka. Nilimsikia tu, sauti yake imepanda juu ya kelele za mkokoteni:

"Kriii, kriii!"