Gari ya zamani inavuja oili, utengeneze au uwe unaongeza tu?

Kuna ubishi hauishi kila wakikutana watu wenye magari yaliyokula miaka, mmoja anasema gari ikianza kuvuja oili peleka gereji leo leo, mwingine anasema gari ya umri huo lazima itavuja tu, we weka dumu la oili kwenye buti uwe unaongeza maisha yaendelee. Mi nimeshakaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti na naona wote wana hoja, ila wanabishania kiasi, inavuja kidogo au inavuja sana, wakati la kwanza kuuliza ni inatokea wapi na inadondokea wapi.

Nianze na hawa wa kuongeza tu manake huwa wanadharauliwa bure. Injini ikishapiga kilomita laki mbili na ushee, sili na gasketi zake, yaani vile viziba vya kuzuia oili isitoke kwenye maungio, zimepikwa na joto kila siku kwa miaka, mpira unakuwa mgumu, unasinyaa, haushiki shafti kama ulivyokuwa mpya. Huo ni uzee, na uzee hauhitaji kukimbiliwa kila ukionekana. Chukua sili ya nyuma ya kranki shafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Yenyewe ni kiduara cha mpira unakishika kwa vidole viwili, ila kuifikia lazima gia boksi ishuke, klachi itoke, flaiwili itoke, yaani unalipia siku nzima ya fundi kwa ajili ya kitu kinachodondosha matone mawili matatu kwa usiku. Kwa matone hayo, kama hayailoweshi klachi, kusubiri ni akili, siku klachi ikiisha gia boksi itashuka tu na sili unabadilisha humo humo kwenye kazi moja. Halafu kila unapofungua injini ya zamani unagusa vitu vilivyokuwa vimetulia, bolti inakatikia ndani, soketi ya waya ya plastiki inavunjika ukiishika tu, umeenda kutibu kimoja umerudi na viwili.

Lakini upande huu una sharti moja na wengi hawalitimizi, nalo ni kupima. Kwa magari mengi kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye stiki ya oili ni kama lita moja hivi, sasa kama injini inabeba lita nne na we hujachomoa stiki mwezi mzima hujui una nne au una mbili na nusu. Na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi isikupe moyo, ile kwa magari mengi inasoma presha, haisomi kiasi. Inawaka wakati pampu imeshaanza kuvuta hewa, na beringi za kranki zikikaa bila oili hata muda mfupi zinaanza kulika. Nimeona watu wanasema injini imekufa ghafla, kumbe imekufa polepole wiki nne, hamna aliyechungulia. Kwa hiyo anayesema naongeza tu, nitamuuliza umeongeza ngapi na kwa kilomita ngapi. Kama anajua, huyo anaitunza gari yake vizuri tu, asinyanyaswe.

Upande wa pili sasa, wa tengeneza leo. Hawa wana haki kabisa pale oili inapodondokea pabaya, na hapa kiasi hakina maana, hata ikiwa kidogo namna gani. Oili ikitiririka kwenye eksozi iliyoshika joto unaanza kupata harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni, halafu moshi mwembamba kwenye boneti, na huo ni mlango wa moto. Ikiingia kwenye taimingi belti ya mpira, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, belti inavimba inalegea, ikiruka meno au ikikatika na injini yako ni ile ambayo pistoni na valvu zinafikiana, valvu zinapinda, na gasketi uliyoiona si ya haraka imekuletea kazi ya kufungua hedi, kichwa cha injini. Ikilowesha klachi, klachi inateleza, gari inapiga kelele haiendi. Ikikaa kwenye mauntingi zinazoshikilia injini na kwenye hozi za mpira inaziozesha taratibu. Injini nyingi plagi zinakaa ndani ya visima juu ya hedi na gasketi za visima hivyo zikichoka, oili inajaa kule ndani, gari inaanza kukosa silinda moja, yaani moja haichomi vizuri, watu wanabadilisha koili na plagi mara tatu kabla ya kuangalia oili.

Na kuna hoja moja ambayo wa kuongeza tu huwa hawaitaji kabisa. Oili inayodondoka haipotei, mvua inaisomba kwenye mtaro, inaenda kwenye maji ya watu. Na pale unapopaki pana mwenyewe, oili inaila lami mpaka inakuwa laini. Hili linaniuma kweli na sioni vizuri kulipita kimya.

Yangu ilikuwa inadondosha pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi wa kwanza alilala chini dakika moja akainuka akasema sili ya nyuma, gia boksi ishuke. Kwa kweli alikuwa na sababu ya kudhani hivyo, tone lilikuwa linaning'inia pale pale. Ila oili inashuka kwa uzito wake na ukiendesha upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo panapodondoka karibu kila mara ni chini na nyuma ya panapotoka. Nikaomba kwanza tuoshe injini, ikiwa ya baridi, altaneta tumeifunika nailoni, ikakauka vizuri, nikaiendesha siku mbili nikarudi na tochi na kioo kidogo cha mkono. Nyuma ya injini, upande ule macho hayafiki, kulikuwa na uzi mmoja wa oili unang'aa umeanzia kwenye kona ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, umeshuka ubavuni mwa bloku, umepita juu ya ganda la gia boksi mpaka kwenye ungio. Tulipofungua tapeti kava ile gasketi haikupinda hata kidogo, ilikatika kwa sauti kama kijiti kikavu. Kazi ya asubuhi moja, bila kushusha kitu. Hapo ndipo niliacha kukubali jina la tatizo kabla injini haijaoshwa.

Lakini wiki mbili baadae pale pakaanza kulowa tena, na hili ndilo naona halisemwi vya kutosha. Injini inapumua. Kila silinda inapochoma mafuta hewa kidogo inapita pembeni ya ringi za pistoni inashuka chini kwenye kranki, na kuna valvu ndogo ya kupumulia inayoivuta hewa hiyo irudi kwenye injini ichomwe. Valvu hiyo ikiziba na uchafu mweusi, presha inajaa ndani na inatafuta sili iliyo dhaifu kuliko zote itokee hapo. Unabadilisha gasketi ya juu, inatokea chini, unabadilisha ya chini, inatokea mbele, fundi anaonekana hajui kazi. Yangu niliichomoa nikaitikisa, haikulia, na ile ya kawaida yenye kichuma ndani ukiitikisa lazima ilie. Nikaweka mpya, ni spea ya bei ndogo mno, pakakauka. Hata hivyo kama valvu ni nzima na injini ukifungua kifuniko cha oili ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, bado inatoa pumzi kwa nguvu na moshi, basi ringi zimechoka, na kubadilisha sili moja moja hapo ni kumwaga hela, aidha uifanyie ovaholi, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya, au uongeze oili kwa amani ukijua kwa nini.

Kuhusu njia za mkato nitasema kwa haraka. Zile dawa za kuzuia kuvuja zinafanya mpira uliokauka ulainike na uvimbe kidogo, kwa sili iliyosinyaa wakati mwingine zinasaidia kweli, kwa gasketi iliyokatika au bolti ya kumwagia iliyoisha nyuzi hazifanyi chochote, na ukizidisha mpira unalainika kupita kiasi. Oili zilizotengenezwa kwa magari yenye kilomita nyingi zina dawa ya aina hiyo kwa kipimo, hizo mi nazikubali. Kuweka oili nzito, mathalan 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30, sikubaliani nako, itapunguza matone lakini asubuhi injini ikiwa baridi oili inachelewa kufika juu kwenye kamshafti inayofungua valvu, na injini zinazobadilisha taimingi ya valvu kwa presha ya oili zina vitundu vidogo, zinataka oili nyepesi. Kama kitabu cha gari kinairuhusu hiyo ni habari nyingine. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, ndiyo naiogopa kuliko vyote. Fundi anaipaka nene, inayoonekana nje anaifuta, iliyobanwa ndani inakatika vipande vinadondoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, vinaziba chujio la pampu, injini inakosa oili na sampu imejaa. Na bolti za tapeti kava kwenye injini nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza kama Nm (nyutoni mita) 8 hadi 10 tu, mkono mwepesi na spana fupi, mtu akizikaza kwa hasira kava inapinda na kuvuja kunazidi.

Basi mi nimeishia katikati lakini si katikati ya uvivu. Kinachogusa eksozi, taimingi belti, klachi au plagi natengeneza wiki hiyo hiyo hata kikiwa ni jasho tu. Kinachodondoka chini bila kugusa kitu nakipima, natandika boksi la karatasi chini ya injini usiku, doa naliandikia tarehe, na kila ninachoongeza naandika na kilomita zake. Boksi hilo linazuia oili isiguse ardhi na linanionyesha kama doa linakua.

Kwenye yangu yule fundi wa kwanza hakukosea kabisa, maana baada ya juu kukauka bado pale kwenye ungio pana unyevu unaotoka chini, sili ya nyuma nayo imechoka. Ni tone moja kwa usiku, siku nyingine hamna. Stiki haijashuka hata nusu kati ya huduma moja na nyingine. Klachi imeanza kushikia juu, dalili kwamba inaisha, kwa hiyo gia boksi itashuka tu karibuni, sili nimeshainunua iko kwenye droo na boksi bado liko chini ya gari.