Sampuli za maji ya mgodi: zifuate kalenda au mvua ya kwanza?

Katika wilaya za Handeni na Kilindi, mkoani Tanga, ambako dhahabu inachimbwa, ubishi kuhusu maji ya mito huanza kwenye rangi: mwanakijiji anasema mto umechafuka kwa kuwa umekuwa mwekundu, naye mtaalamu anajibu kwamba huo ni udongo uliosombwa na mvua. Lakini rangi haitoshi kuamua. Maji yaliyopita kwenye kifusi cha mawe ya mgodi chenye tindikali yanaweza kuwa maangavu kuliko ya kisima, na bado yakawa yamebeba shaba, manganizi au aseniki.

Jambo la kubishania ni siku ya kuchota sampuli. Utaratibu uliozoeleka ni kuchota kwa tarehe, kila mwezi au kila robo ya mwaka, katika vituo vilevile juu na chini ya mgodi. Wanaoutetea wanasema, na ni kweli, kwamba takwimu za namna hiyo zinalinganishika mwaka hadi mwaka, na kwamba sampuli moja ya siku ya gharika inaweza kuuonyesha mto kuwa mbaya kuliko ulivyo siku nyingine zote. Tena barabara siku hizo hazipitiki, na maabara iko mbali.

Ila kifusi, ambacho wachimbaji wa Kanda ya Ziwa hukiita magwangala, hakijui tarehe. Mwamba wa dhahabu mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya ardhi hutulia. Yakishapasuliwa kwa baruti na kurundikwa nje, hewa na unyevu huyafanya yatoe tindikali ya salfa. Kati ya Juni na Septemba, mvua inapokuwa haba, zao hilo halipati maji ya kutosha kulisomba, basi huganda juu ya mawe. Pitisha kidole kwenye jiwe la namna hiyo mwishoni mwa kiangazi: kitabaki na unga mweupe wenye umanjano, kama chumvi iliyosagwa. Hiyo ni tindikali na metali ya miezi kadhaa. Vuli inaposhuka, mvua za mwanzo huweza kuusomba unga mwingi kwa mkupuo, na siku chache baadaye, mto ukishajaa, vipimo hurudi karibu na kawaida. Mtu aliyechota tarehe 30 hatauona mkupuo huo, wala hatakuwa amedanganya. Na tusiudharau: pH, kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri maji yanavyokuwa makali, ikishuka kutoka 7 hadi 4, ukali wa tindikali umepanda mara 1,000, na aliyejaza ndoo asubuhi ile hanywi wastani wa robo mwaka.

Hoja ya umbali wa maabara naiona dhaifu. Sampuli ya metali ikitiwa tindikali ya naitriki inaweza kuhifadhiwa hadi miezi 6, na pH hupimwa palepale mtoni kwa kifaa cha mkononi. Inayodai haraka ni naitreti, mabaki ya baruti, ambayo lazima ipoozwe na kupimwa ndani ya siku 2 hivi.

Viwango vya ubora wa maji tunavyo tangu kanuni za mwaka 2007. Linalokosekana ni sharti kwamba, pamoja na ratiba ya tarehe, ichotwe sampuli ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na kwamba kamati ya maji ya kijiji ipewe kipimo cha pH na chupa, maana wao wapo kando ya mto hata barabara ikikatika. Migodi itasema kipimo cha mwanakijiji si ushahidi. Sawa, lakini kinatosha kuwa king'ora. Namba ikibadilika ghafla, atajaza chupa mbili, moja ya mgodi na moja ya bodi ya maji ya bonde la mto huo, na walio chini ya mto wataambiwa wasichote mpaka majibu yatoke.