Seli za wanawake maabara zisipimwe mara moja halafu basi

Kuna kitu kwenye utafiti wa seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ambacho mi naona kinachukuliwa poa sana, na kinawahusu wanawake moja kwa moja. Mwanamke ana kromosomu X (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) mbili, ya mama na ya baba, ila kwenye kila seli, moja kati ya hizo inazimwa tangu akiwa mimba changa kabisa, na ipi izimwe ni bahati nasibu. Mary Lyon wa Uingereza ndo alilieleza hili mwaka 1961 kwa kuangalia panya. Ikishazimwa, seli zote zinazozaliwa na ile ya kwanza zinafuata hivohivo, kwa hiyo mwili wa mwanamke ni kama mkeka wa ukili wa rangi mbili, hapa inafanya kazi X ya mama, pale ya baba.

Kwa sisi wa ukanda wa malaria hii iko karibu sana. Jeni ya G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, iko kwenye X, na upungufu wake uko kwa wingi huku kwetu, mwenye nao akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Mwanamke aliyerithi X moja yenye hitilafu ana chembe za aina mbili kwenye damu hiyohiyo, ndo maana majibu yake ya kipimo cha G6PD yanaweza kutoka katikati. Na ni G6PD hiyohiyo iliyotumika Marekani mwaka 1963, wakachukua seli za ngozi za wanawake wenye aina mbili za G6PD, wakazikuza mojamoja, na kila ukoo ukatoa aina moja tu.

Sasa njoo kwa seli shina. 2007 timu ya Shinya Yamanaka, Kyoto, ilichukua seli za ngozi za mtu mzima ikazirudisha kwenye hali ya uchanga. Kwa panya ukifanya hivyo X iliyozimwa inawaka tena, kwa binadamu mara nyingi inabaki imezimwa. Ila seli zinajaa sahani ya maabara, zinagawanywa, zinahamishiwa sahani mpya, wiki baada ya wiki, na humo njiani XIST, ile jeni inayotoa RNA ya kuifunika X inyamaze, yenyewe inazimika, basi jeni zilizokuwa kimya zinaanza kuamka vipande vipande. Na hata ukizigeuza seli hizo ziwe neva, XIST hairudi.

2012 watafiti wa Harvard walionyesha hasara yake kwa ugonjwa wa Lesch-Nyhan, ule ambao mtoto, karibu wote ni wa kiume, anakosa kimeng'enya cha HPRT na anajing'ata midomo na vidole. Walitumia seli za mwanamke mbebaji, yaani mwenye X moja yenye hitilafu, zile ambazo X yenye hitilafu ndo ilikuwa inafanya kazi. Mwanzoni hazikuwa na HPRT, kama inavyotakiwa. Baada ya kukaa sana kwenye sahani HPRT ikatokea, maana jeni ya HPRT kwenye ile X isiyo na hitilafu ilikuwa imeamka, na ugonjwa waliotaka kuusoma ukapotea. Hebu fikiria ungekuwa unajaribu dawa hapo, ungesema imeponya!

Kuna njia ya mkato, kutumia seli za wanaume tu. Hiyo siikubali kabisa. Ugonjwa wa Rett, wa ubongo, unaotokana na hitilafu kwenye jeni ya MECP2 iliyoko kwenye X, unawapata zaidi wasichana, na seli za msichana mmoja zinakupa koo mbili, moja inatumia MECP2 nzima na nyingine yenye hitilafu, jeni nyingine zote zilezile, ulinganisho gani safi zaidi ya huo? Ukizikimbia seli za wanawake unautupa.

Mi nataka XIST ipimwe seli zikianza na ipimwe tena siku ya jaribio lenyewe, maabara yenye PCR, mashine ya kupima jeni, inaweza kabisa, na idadi ya mara zilizohamishwa sahani iandikwe. Mhariri wa jarida akiletewa matokeo ya seli za kike bila taarifa hizo ayarudishe.