Kaseti ya mamangu nayo ni albamu

Wiki iliyopita mtoto wa ndugu yangu aliniomba nimtajie albamu kumi ninazozipenda kuliko zote maishani. Nilikaa na swali lile siku mbili. Nikaandika kwa mkono, nikafuta, nikaandika tena, kisha nikampigia picha karatasi nikamtumia. Jibu lilifika chai haijapoa. Saba kati ya kumi alizikata. "Ami, hizi si albamu. Ni kaseti za harusi. Nimezitafuta kwenye simu, hazipo."

Neno hilo limenichoma, na bado linanichoma.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, hakuingia nyumbani kwetu kupitia albamu, aliingia kupitia harusi za watu. Akialikwa kuimba, pembeni ya spika hakukosi redio kaseti inayorekodi. Siku chache baadaye nakala ziko dukani, na nakala ya nakala iko kwa jirani, na ya jirani imeshapanda basi kwenda Lamu. Hivyo ndivyo sauti ile ilivyosambaa pwani yote.

Kaseti ya mamangu ni ya dakika tisini, arubaini na tano kila upande. Inaanza kwa mtu kukohoa, kisha "halo, halo" ya kujaribu maikrofoni, kisha tashkota, ala ya nyuzi, inaingia na ngoma ya dumbak nyuma yake. Wimbo wa tatu kuna mtoto analia na mwanamke anambembeleza, karibu kabisa na maikrofoni. Mara vigelegele: mtu ameinuka kumtunza mwimbaji pesa, na ubeti ule ule unarudiwa mara tatu, kila mara umepambwa vyengine. Halafu upande wa kwanza unakatika katikati ya mshororo. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo kwengine, nikifika pale pale moyo wangu husubiri mlio wa kitufe kuruka.

Mamangu hakwenda skuli, lakini kina cha kati cha mshororo kikipotea alikuwa akijua. Alikuwa akisimamisha kaseti, anairudisha, anasikiza tena mpaka fumbo limfunukie, na mengi ya mashairi hayo yalikuwa ya mshairi Ahmad Nassir, kwa hivyo mafumbo hayakuwa haba. Mimi nilifunzwa Kiswahili hapo, sakafuni, mkono wangu ukiwa kwenye biro ninayorudishia utepe ili tusimalize betri. Anayesema hiyo si albamu aniambie albamu gani nyengine iliyomfunza mtu kusoma ushairi kwa masikio.

Mama alivivunja vijino viwili vya juu vya kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Ndugu yangu akaziba matundu kwa karatasi, akarekodi mpira wa redioni juu ya wimbo wa mwisho. Mama hakumsemesha siku mbili. Ndiye baba wa huyu kijana anayenikatia orodha.

Na hilo neno lenyewe "albamu" ataje limetoka wapi. Zamani za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulikuwa ukibeba dakika tatu hivi, basi. Ukitaka kuzikusanya ulizitia kwenye kitabu cha mifuko, mfano wa kile cha picha, na kitabu kile ndicho kilichoitwa albamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirudi na santuri za namna hiyo. Kwa kipimo cha huyu kijana, Siti naye hana albamu. Mimi siwezi kukubali kipimo kinachomwacha Siti nje.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba studio ina lake. *Mtindo wa Mombasa* ya mpiga udi Zein l'Abdin, iliyotoka Uingereza mwaka 1990, nimeiweka ya tatu, kwa sababu udi wake mule unausikia uzi mmoja mmoja, na hakuna kaseti ya harusi iliyonipa hivyo. *Exodus* ya Bob Marley ya 1977 imo pia, maana ujana wangu wote ulipita ndani ya matatu. Ya Maulidi Musical Party, kikundi cha taarabu cha Mombasa, imo, na hiyo kijana hakuigusa kwa kuwa aliipata kwenye simu. Lakini inaitwa nani? *Mombasa Wedding Special*. Waliokuja kutoka Uingereza kuitengeneza albamu yetu waliona hakuna jina jengine la kuipa ila harusi.

Bhalo alipofariki Aprili 2014 sikufungua simu kumtafuta. Nilifungua kabati la mama. Kasha lilikuwa limepasuka, hati ya mkono ya mama imefifia, lakini kikohozi kile cha mwanzo kilikuwa pale pale, na mtoto yule analia vile vile, ingawa leo atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Utepe unaanza kuchakaa. Sauti inapanda na kushuka, na pengine inazama kabisa kwa sekunde kadhaa. Fundi wa Mwembe Tayari amenibadilishia mkanda wa redio na kusafisha hedi inayosoma utepe kwa spiriti. Jumamosi nimemwita huyu kijana aje na kompyuta yake na waya. Nimemwambia arekodi pande zote mbili, kikohozi asikikate, na ule mpira wa baba yake pia auache. Orodha nimeirudisha kwake ikiwa na kumi kamili.